Mgongo wa Vitambaa vya Maman Védastine

Joselyne alikuwa na kinyongo cha miaka kumi na tisa, wala hakukionea haya. Aliamka nacho Nyakarenzo, akapanda nacho pikipiki hadi Kamembe, akakaa nacho mbele ya kamera katika makumbusho madogo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha vitambaa vya kudarizi na kuviingiza kwenye kompyuta: ndege na maneno, maua na maneno, vile ambavyo akina mama walitandika juu ya viti mgeni alipotarajiwa.

Siku hiyo lilifunguliwa sanduku la Maman Védastine. Vitambaa thelathini na kimoja, zawadi kwa makumbusho, kila kimoja na karatasi yake: kazi ya mikono ya Védastine. Mikono ipi? Mama huyo alikuwa mkuu wa kikundi cha wadarizi, na kushika sindano hajui hadi leo! Korongo mwenye taji na maneno KARIBU MWEMA chini yake, ambaye wageni walimsifia, alidariziwa na Nzigire, mama yake Joselyne, huku amefichwa chumba cha nyuma. Nzigire alipoomba jina lake liandikwe, Védastine alimfukuza mbele ya wenzake, miaka kumi na tisa iliyopita. Hakugusa sindano tena hadi alipokufa.

Ila kabla ya kufukuzwa alikuwa akifanya jambo moja, na Joselyne, aliyekuwa akimtungia uzi, aliliona. Nyuma ya kila kitambaa alichomaliza alidarizi jina lake, kwa herufi ndogo zisizotokeza mbele.

Sasa migongo yote ilikuwa imefunikwa bitana nyeupe, na bitana yenyewe imeshonwa vibaya, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Védastine.

Kanuni ya pale ni kwamba kila kitu kipigwe picha mbele na nyuma. Joselyne akamwita mkuu wake, Aimable, ambaye aliisoma karatasi ya zawadi hadi mwisho.

"Alisaini mwenyewe kwamba tunaweza kufungua," alisema. "Bitana si mugongo. Fungua."

Akafungua, uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka, maana raha kama ile haimezwi kwa pupa. Nzigire. Nzigire. Nzigire. Kwenye vyote. Machozi yalimtoka, na bado alikuwa anatabasamu.

Kesho yake Védastine alifika na fimbo yake, pumzi juu juu. Habari zilikuwa zimemfikia. Akaketi kando ya kompyuta bila kukaribishwa.

"Joselyne, mutoto yangu, ile mambo ya zamani tuiache. Andika majina yote mbili. Batoto yangu bataona, na bajukuu."

"Mama yangu alikuombaka vile vile, Maman. Ulimujibu nini?"

Védastine akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Hapana," alisema Joselyne, na ilimtoka tamu.

Kwenye fomu ya kompyuta, penye mtengenezaji, akaandika Nzigire. Fomu haikuwa na mahali pa kumwandika aliyelificha jina. Joselyne akaongeza mahali hapo, Védastine akiwa palepale anatazama, akaandika jina zima la mama huyo. Kompyuta ingeweza kulinakili kwenye vitambaa vilivyobaki kwa kubonyeza mara moja tu. Joselyne aliliandika herufi kwa herufi, mara thelathini na moja.