Vitone vya Upande wa Reli

Kazi yangu ni kuchora upya kile ambacho wengine walishachora. Mtu analeta ramani ya karatasi, ya kiwanja, ya zahanati au ya mfereji wa shamba la mpunga. Naiskani, kisha naigeuza kuwa mistari ambayo mhandisi anaweza kuifungua kwenye kompyuta yake, akaisogeza, akairefusha, akaikata. Watu wengi hapa Ifakara hudhani ni kubofya tu, nami nimeacha kubishana nao. Picha iliyoskaniwa haijui mstari ni nini. Inajua weusi na weupe, basi. Kwamba huu ni ukuta na lile ni doa la chai, lazima mtu aamue.

Parokia yetu ilipotaka kupanua makaburi, waliniletea ramani ya zamani iliyochorwa kwa kalamu ya wino na katekista ambaye sasa ni marehemu. Maji ya mafuriko yalishawahi kuingia katika ofisi yao. Karatasi ililowa, ikakauka, ikaota ukungu. Makaburi yalikuwa mistatili midogo iliyopangwa kwa safu, na juu yake madoadoa kila mahali. Mhandisi alitaka kujua pako wazi wapi ili apitishe barabara ya gari la jeneza, maana wakati wa masika wabebaji huteleza na jeneza mabegani, na kila msiba una hadithi yake ya aibu.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Programu ina sehemu ya kusafisha: unaiwekea kipimo, na chochote kilicho kidogo kuliko hapo inakihesabu uchafu na kukifuta. Madoa yakaondoka. Mistatili ikabaki, safi, na upande wa reli pakawa uwanja mtupu. Mhandisi alipoiona kwenye simu yake alifurahi. Barabara ingepita pale pale, imenyooka.

Niliichapa nikaenda nayo nyumbani, nikiwa na majivuno kidogo. Mama alikuwa barazani akipepeta mchele. Nilimwamkia, nikamtandikia karatasi mkekani. Alivaa miwani yake, akaipitia polepole kuanzia lango mpaka mwisho, kisha akarudi upande wa reli.

"Na watoto wako wapi?" akauliza.

"Watoto gani, mama?"

"Wa huku nyuma, mwanangu. Wachanga."

Nilijua kwamba kabla yangu alizaliwa mtoto, akafa. Nilijua hivyo tu, kama tunavyojua mambo ya ukoo ambayo hakuna anayekaa kuyaeleza. Jioni ile mama alinieleza yaliyobaki, ungo ukiwa magotini. Enzi zile, kwetu, mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina hakukaliwa matanga. Kina mama wachache walimchukua asubuhi mapema, wakaenda kumzika, wakarudi kimya. Aliyemzaa hakuruhusiwa kutoka ndani. Alipopata nguvu za kwenda mwenyewe, mvua zilikuwa zimeshalaza udongo, na shangazi zake walimwonyeshea kwa mkono tu: pale, karibu na reli. Ndipo baadaye yule katekista, alipochora ramani yake, akawaita kina mama hao na kutembea nao. Kila waliposimama, akaweka kitone.

"Alisema hata wasiobatizwa atawaweka," mama alisema. "Tangu hapo nikatulia. Nikajua wangu yupo kwenye karatasi."

Nilikasirika sana, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Nilimkasirikia mhandisi, nikaukasirikia ukungu, nikawakasirikia hata wale shangazi ambao wamekwisha kufa. Nilimhurumia mama kiasi kwamba sikuweza kumtazama. Nilikunja karatasi nikaingia ndani.

Kesho yake nilifungua picha ya awali, ile isiyosafishwa. Vitone vilikuwepo, lakini vimechanganyika na ukungu, na wino wa zamani umegeuka kahawia ule ule. Nilivikuza mpaka vikawa vipande vya rangi visivyo na maana. Hapo kompyuta haikuwa na la kunisaidia. Nilikwenda parokiani nikaomba karatasi yenyewe, nikaigeuza, nikapitisha kidole mgongoni mwake. Yule mzee alikuwa na mkono mzito. Kila alipoweka kitone, kalamu ilikandamiza karatasi ikaacha kijipu kwa nyuma. Madoa ya ukungu hayakuacha alama yoyote huko nyuma.

Mama alitaka kuja ofisini kuona. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamshika kidole na kukipitisha juu ya vile vijipu.

"Yupi?" akauliza.

"Katekista hakuandika, mama."

Akaendelea kugusa kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka akavimaliza.

"Basi wote," akasema.

Niliviweka vyote kwenye mchoro, kila kimoja duara dogo. Mhandisi akapiga simu.

"Dada, hivi vitone vinanivurugia barabara. Si tuvifute?"

"Ni makaburi ya watoto."

Akauliza kila kimoja kiachiwe nafasi kiasi gani. Barabara ikapindwa.

Mama tulimzika mwaka huu, baada ya mavuno. Nilikaa mbele, karibu na dereva, jeneza likiwa nyuma yetu na kina mama wakiimba. Tulipofika ile kona, dereva alinung'unika: aliyechora barabara hii alikuwa na akili gani, kuipinda mahali tambarare namna hii?

Nilimwomba apunguze mwendo. Akapunguza. Nikamwomba apunguze tena.