Habari za Juzi

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko ninavyotaka, mwanangu, na wewe unayeshinda mbele ya skrini itakufaa kuisikia.

Ni miaka ile soko huria lilipotuletea kompyuta. Mimi, kijana wa Miyuji niliyejiona nimeiva, niliiandikia programu ofisi yetu ya visima pale Dodoma. Kila asubuhi kompyuta ya Kondoa ilituletea kwa simu hali ya pampu za vijijini. Simu ikikatika, skrini ilibaki na mapengo, na mkuu wangu hakupenda mapengo. Basi nikaielekeza programu: habari mpya isipofika, onyesha ile ya mwisho. Sikuweka siku wala saa. Skrini ikapendeza, nikasifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema ndiye mimi.

Asubuhi hiyo akaingia bibi mmoja kutoka Busi, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi dumu tupu. Nikamwamkia. Akasema pampu yao imekufa, wanakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, na mjukuu wake anaharisha vibaya. Nikamgeuzia skrini.

"Mama, mbona Busi maji yapo?"

Akaitazama. Kisha akalisogeza dumu lake mpaka chini ya skrini.

"Haya baba, nikingie."

Nyuma yangu alisimama Mzee Ndahani. Kabla ya kompyuta, yeye ndiye aliyepokea taarifa hizo kwa redio, na kila moja aliiandikia saa yake.

"Hii habari ya lini?" akauliza.

Sikujua. Alipowaita Kondoa kwa redio, wakasema laini ya simu imekatika, leo siku ya tano.

"Hata salamu zetu zina wakati," akaniambia taratibu. "Mtu akuulize habari za asubuhi, wewe umjibu za juzi?"

Fundi aliondoka saa ileile. Alipofika Busi, aliwakuta watu wanatoka makaburini. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yalikuwa mjukuu wa mtu, na mpaka leo sijui jina lake, kwa kuwa niliona haya kuliuliza.

Kwa hiyo mwanangu, kila habari unayoionyesha iandikie saa iliyozaliwa. Ikichelewa, sema imechelewa. Usipojua, acha pengo. Pengo litamfanya mtu aulize.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema "sijui", na asikuletee mgeni mwenye dumu tupu.