Mtoto Aliyeokotwa na Mamake

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu upande wa Kanyangi, kifo kilikuwa kitu cha kudanganywa, na kila mtu alijua namna. Mama akizika watoto wakifuatana, anayezaliwa baadaye anatupwa. Si kutupwa kweli. Analazwa jalalani asubuhi, kisha jirani anapita kama asiyejua lolote, anamwokota na kusema amepata kitu cha bure. Mtoto anapewa jina baya, mara nyingi Mbiti, yaani fisi, ili kifo kikipita kione hapo hakuna cha maana. Na wale waliokufa hawatajwi tena.

Baba yangu aliitwa Mbiti. Basi unajua alikookotwa.

Mama alikuwa amezika watatu baada yangu. Siku moja nilimtaja mmoja wao tukichota maji, na susu, nyanya yangu mzaa baba, akanipiga kofi la mdomo. Nyumba yetu ikawa ya watu wanaomeza maneno. Hata kanisani mama aliimba midomo ikicheza bila sauti.

Halafu akazaliwa mvulana, mwaka ule wa kiangazi tulipokula mahindi ya manjano ya msaada. Susu alikuwa amepanga yote, hata jirani yetu Mama Nduku alishaambiwa. Asubuhi akamchukua mtoto mikononi mwa mama, akamfunika na kipande cha gunia, akamlaza nyuma ya zizi la mbuzi, juu ya majivu na maganda ya mbaazi. Damu ikanipanda. Nikaanza kupiga kelele.

"Nyamaza, Mwikali!" susu akasema. "Unalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Unataka kifo kisikie?"

Mama Nduku alikuwa ameshatokea njiani, anatembea kwa madaha, macho juu mbinguni asije akaonekana anatafuta kitu chini. Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Ndipo mama akatoka nyumbani, akijishikilia ukuta. Alikwenda hadi jalalani, akainama, akamwokota mtoto mwenyewe, akamkung'uta majivu.

"Huyu ni wangu," akasema kwa sauti. "Nimemzaa mimi. Amezaliwa asubuhi, anaitwa Kioko."

Kwetu Kioko ni wa asubuhi tu, basi. Hakuna jina lililo wazi kuliko hilo.

Susu alishika kichwa. "Mama Mwikali, una wazimu? Mbiti yuko hai kwa nini? Si kwa sababu nilimtupa?"

"Mwaitu, wewe ni mama yangu, nakuheshimu. Lakini siwezi kusema huyu si wangu. Hata kwa kifo siwezi kusema uongo huo."

"Utamzika kabla ya mvua!"

"Nikimzika, nitamzika na jina lake."

Mama Nduku, aliyebaki katikati ya njia bila kazi, akauliza, "Sasa mimi nirudi, ama niende sokoni kweli?"

Na maneno ya susu yakaanza kutimia. Kioko aliharisha na kutapika mpaka utosi ukabonyea. Majirani wakaanza kuja na kukaa kimya uani, kama watu walio matangani tayari. Mama alimpa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, kama alivyofundishwa kliniki, na kwa kila kijiko alimwita: "Kioko, kunywa."

Mimi hasira zangu hazikuanza leo. Nilimwambia mama, "Huyo Mungu wako amelala ama?"

Hakunigombeza.

"Nilipomzika mdogo wako Ndunge, nilidhani Mungu amenitupa jalalani," alisema. "Lakini nimefikiri. Yeye pia alikuwa na mwana, na hakumficha kwa jina baya. Alisema mbele ya watu kwamba ni wake na anampenda. Kifo kikamchukua vilevile, ila kilishindwa kukaa naye. Kwa hiyo, Mwikali, simlilii mtu asiyejua uchungu."

Mvua ilipokuja, ilimkuta Kioko ananyonya kama ndama.

Jumapili ya kumweka wakfu, mchungaji aliuliza jina la mtoto. Mama akalitaja, halafu hakukaa.

"Kuna wengine watatu sijawahi kuwaleta hapa," akasema. "Ndunge. Muthoka. Kavata. Hawakupotea. Wametangulia tu."

Wamama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia.

Susu alikuwa nje, dirishani. Hakuwa mtu wa kanisa. Alisema amekuja kuangalia kama paa litatuangukia. Baba, mchoma makaa ambaye maneno yake yalikuwa machache kuliko ya mkaa wenyewe, akasimama akamgeukia.

"Mwaitu. Na mimi? Kama hungeogopa, ungeniita nani?"

Susu alijifunika mdomo kwa leso. Nilidhani ataondoka.

"Mwendwa," akasema. Yaani mpendwa. "Nimekuita hivyo moyoni maisha yako yote. Niliogopa tu kifo kisije kikanisikia."

Baba, mwanamume mzima na ndevu zake, alitoka akamshika mkono, akamwingiza ndani. Susu akakaa benchi la mbele, na pale pale akaanza kuwataja watoto wake mwenyewe aliowazika kabla ya baba. Vigelegele vikaanza upya. Sijawahi kuona kifo kikiaibishwa namna ile.

Shule niliiacha mapema. Biblia nilijifunza kuisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Siku hizi nauza nafaka Emali, debe langu linajaa, na anayebisha ananijua. Watu wakiniambia Kioko alipona kwa sababu mama aliomba sana, nawaka. Wale watatu hakuwaombea? Aliwaombea mpaka magoti yakachubuka. Mama alishinda pale jalalani, kabla yeyote kati yetu hajajua kama mtoto ataishi.

Kaburi la baba lina msalaba wa mbao, na tumeandika Mwendwa.

Mama aliyefiwa na mtoto akija kwenye kibanda changu, wengine humzungusha, wanamwongelesha bei ya maharagwe. Mimi naweka debe chini na kumuuliza, "Aliitwa nani?" Akilitaja jina, hata kwa kunong'ona, nalirudia kwa sauti, soko lote lisikie.