Zamu Niliyombebea Mwenzangu

Mkono wangu wa kulia una kiganja na kidole gumba, basi. Vidole vinne vilibaki kiwandani, na kwa miezi kadhaa kiwanda kilishikilia kwamba siku vilipokatika mimi sikuwa kazini.

Kilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti na karanga, mali ya shirika la umma, hapa mjini Songea. Kwenye banda la karanga tulikuwa wanawake kama arobaini. Wengine walichagua, wengine walipepeta, na wachache, mimi nikiwamo, tulilisha mashine ya kubangua. Soko huria lilikuwa limeshaingia. Mafuta kutoka nje yalijaa madukani kwenye madumu ya njano, ya kwetu yakawa yanadoda ghalani, na kila baada ya muda walikuja wageni waliovaa miwani ya jua kupima uwanja kwa hatua. Tuliambiwa kiwanda kitauzwa, watu watapunguzwa, na watakaotangulia ni watoro. Ukikosekana siku tatu, jina lako limeingia kwenye orodha.

Sasa watu hawaachi kufa eti kwa sababu kiwanda kinauzwa. Na kwetu huwezi kufiwa na mama yako Mpitimbi au Lusewa ukatuma salamu za rambirambi ukabaki mjini. Utakwenda, utalala chini na wenzako, utalia mpaka sauti ikauke. Ruhusa ya msiba ilidai barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe umfuate shambani, muhuri wake uko kwa katibu, katibu kaenda mnadani, na ukija kurudi na barua yako siku tatu zimekwisha. Kwa hiyo tulijitungia utaratibu wetu, tukauita kubebana. Aliyekuwa kwenye siku yake ya mapumziko alichukua kadi ya aliyefiwa, akagongewa muhuri getini, akasimama mahali pake mpaka jioni. Mlinzi alijua. Msimamizi alijua. Ofisi ya utumishi ndiyo haikujua, au ilijifanya haijui. Mimi mwenyewe nilishabebwa mara mbili, mwanangu alipougua surua.

Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno, alikuja mwenzangu wa mashine. Tulikuwa tunasimama bega kwa bega miaka sita. Aliniita mlongo, kwa Kingoni yaani ndugu, nami nilimwita hivyohivyo. Alisimama mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, na kabla hajafungua mdomo nikajua.

"Mlongo, mama ametutoka. Wanazika kesho."

Nikampa pole, nikamkalisha, nikampa uji. Nasema ukweli, moyoni nilinung'unika. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko na nilikuwa na nguo za wiki nzima za kufua. Lakini alipoitoa kadi yake kifuani nikaipokea. Hilo si jambo la kufikiria mara mbili, ungemkatalia nani?

Mashine ile ilikuwa na mkanda upande wa kulia, na mkanda ulitakiwa kufunikwa na kinga ya bati. Kinga ilikuwa imeng'olewa tangu masika, tukaambiwa vipuri vimeagizwa. Nani aagize vipuri vya kiwanda kinachouzwa? Upande wangu wa kawaida ulikuwa wa kushoto, mbali na mkanda. Siku hiyo nilisimama upande wake yeye. Saa nne asubuhi gunia liliteleza, nikanyoosha mkono kulizuia, mkanda ukanishika kwenye mkono wa sweta. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia wanawake wanapiga yowe, nikashangaa wanamlilia nani.

Msimamizi alinipakia kwenye pikapu ya kiwanda. Alikuwa mtu wa Tunduru, mswalihina, hakuwahi kututukana hata siku moja. Njiani akaniinamia akasema, "Dada, ukiulizwa, sema umeumia na mashine, basi. Mengine tutayapanga, inshallah." Yeye alimaanisha vizuri. Hakuna walichopanga.

Nilipotoka hospitali nikiwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, nilikwenda ofisi ya utumishi kuomba fomu ya ajali. Bwana yule alifungua daftari la zamu, akanigeuzia nisome mwenyewe. Kwenye mstari wangu palikuwa na alama ya mapumziko. Kwenye mstari wa mwenzangu palikuwa na muhuri: amefika, ameondoka.

"Kwa hiyo mama," akasema, "ulifuata nini bandani siku ya mapumziko? Au ulikuja kujichotea karanga?"

Ningekuwa na vidole vyangu ningemnasa kibao. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mlinzi akaja kunitoa, na nilipofika getini ndipo nikaketi chini nikalia.

Hali yangu ilikuwa hivi. Mume wangu alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, ikawa mtu wa mwisho kumwona ni kondakta wa basi. Watoto wawili wako shule. Kazi zote nilizozijua, kulima, kupepeta, kuchambua, kutwanga, zinataka mikono miwili. Fidia ile ndiyo ingeniwezesha kufungua kibanda sokoni au kununua cherehani nimwajiri fundi, nisiwe mzigo kwa wadogo zangu. Sikuwa na mlango mwingine.

Nilikwenda kwa Afisa Kazi wa serikali, akanisikiliza vizuri. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, sweta lake limetoboka viwiko. Akasema sheria ya fidia inamlinda aliyeumia kazini, na hata ukiwa umekosea utaratibu mdogo, bado unaweza kutetewa. Lakini lazima ithibitike kwamba nilikuwa kwenye mashine kwa kazi ya kiwanda. "Niletee mtu mmoja tu, mama. Mmoja aliyekuona, aje aape mbele yangu."

Walioniona walikuwa arobaini. Nikapita nyumba kwa nyumba, Mfaranyaki, Lizaboni, Bombambili, mkono umening'inia shingoni. Wote walinikaribisha. Wote walinipa kigoda na chai. Na wote, hata msimamizi, nilipofika kwenye neno la ofisi, wakaanza kutazama mlango. Niliwaelewa, na kuwaelewa kulinichoma zaidi. Kusema mimi nilikuwepo ilikuwa kusema mwenzangu hakuwepo, na kusema hakuwepo ilikuwa kuufichua utaratibu wote, na hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kubebwa. Wangefukuzwa wote kwa udanganyifu, bila hata kiinua mgongo. Mmoja, mama mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, aliniambia, "Mwanangu, unataka tulie sote kwa ajili ya mkono wako?" Nikamjibu ndiyo. Nilitaka hivyo, na sioni haya kusema.

Na mwenzangu? Aliporudi kutoka Mpitimbi, kichwa kimenyolewa, alikuja moja kwa moja hospitali akapiga magoti kando ya kitanda. Akasema atafanya lolote. Na kweli alifanya. Kila jioni akitoka kazini alipita kwangu. Alinichotea maji, alinisuka, aliwafulia watoto, alinimenyea likolo, mboga ya majani ya maboga, nikiwa nimekaa natazama vidole vyake vinavyokwenda. Jumapili baada ya misa alikwenda kunilimia matuta yangu, akamaliza shamba zima peke yake. Alinifunga hata kanga kifuani, jambo ambalo mama yangu aliacha kunifanyia nikiwa na miaka minne. Kila kitu alinifanyia, ila hakusema atakwenda kwa Afisa Kazi. Nami kwa wiki nyingi sikumwomba. Nilingoja aseme mwenyewe.

Mwisho nikachoka kungoja. Nikamwuliza huku ananiosha mgongo. Mikono yake ikasimama.

"Mlongo, nina watoto watano," akasema.

"Mimi nina wawili. Kwa hiyo tupige hesabu ya watoto?"

Akamwaga maji, akanikausha, akaenda zake. Kesho yake jioni akaja tena kama kawaida na kuni kichwani.

Nikamtaja. Nilikwenda kwa Afisa Kazi nikamwambia kadi niliyoingia nayo ni ya nani, na mwenye kadi alikuwa wapi. Sikumwonya. Barua ya wito ikamkuta bandani, mbele ya wenzake.

Tulikaa mbele ya meza moja, yeye kushoto, mimi kulia, bwana wa utumishi amesimama dirishani kuwakilisha kiwanda. Mwenzangu alipewa Biblia akaapa. Nywele zake zilikuwa bado fupi tangu zinyolewe.

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?" Afisa Kazi akamwuliza.

"Kazini, mzee."

"Huyu mwenzako anasema ulikuwa Mpitimbi, kwenye mazishi ya mama yako."

Mwenzangu akaitazama ile Biblia.

"Mama yako alizikwa lini?"

"Siku hiyo."

"Na wewe ulikuwa kazini."

"Ndiyo."

Afisa Kazi akaiweka kalamu chini. Nadhani alitaka kumpa nafasi. "Mama," akasema taratibu, "unaniambia hukumzika mama yako mzazi?"

Alikuwa mtoto wa kike pekee. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu, yeye ndiye aliyelala naye chumba kimoja usiku ule wa mwisho. Alinisimulia mwenyewe, kila kipande, akiwa amekaa kwenye jamvi langu. Nilimwona anashika ukingo wa meza.

"Sikumzika," akasema.

Bwana wa utumishi akakohoa. Faili langu likafungwa kwa kukosa ushahidi. Nje, kwenye veranda, alinishika kitenge akitaka kusema neno. Nilikivuta, nikamwambia asikanyage kwangu tena, nikamwambia kwamba mama yake kaburini amesikia. Hilo la mama yake nimelijutia. Mengine hapana.

Hazikupita hata mvua za mwaka ule. Kiwanda kiliuzwa kwa mfanyabiashara aliyetaka majengo tu. Mashine zilikatwa vipande zikapakiwa kwenye malori kama chuma chakavu, na bandani pakawekwa marobota ya mitumba. Orodha ilibandikwa getini asubuhi moja, na hawakuangalia nani mtoro nani si mtoro. Wanawake wote arobaini walikuwamo, na msimamizi, na yule bwana wa utumishi pia. Jina la mwenzangu lilikuwa la tatu kutoka juu. Walilipwa nauli ya kurudi makwao na ahadi.

Kama mwezi baadaye alikuja. Hakuvuka kizingiti, alisimama uwanjani kwenye vumbi.

"Twende ofisini," akasema. "Sasa nitasema."

Nikaenda naye. Sijui nilitumaini nini. Mtu hata akijua hakuna kitu huenda akatazame. Afisa Kazi alitupokea, akalitafuta faili langu kwenye kabati mpaka akalipata. Akalipangusa. Kisha akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mwajiri wangu hayupo tena. Shirika limevunjwa, mnunuzi amenunua majengo na hakununua madai ya mtu, na mfilisi aliyekuwa Dar es Salaam hajibu barua hata za ofisi ile.

"Ushahidi naweza kuuandika," akasema. "Ukae kwenye faili. Ila mama, sitakudanganya, hauna pa kwenda."

Mwenzangu akasogeza kiti mbele. "Andika tu, mzee. Andika kwamba sikuwa kazini. Nilikuwa Mpitimbi. Andika kwamba nilimzika mama yangu." Akaanza kuhema. "Niliapa pale. Tangu siku ile sijaweza kwenda kaburini. Naomba uandike."

Afisa Kazi akachukua karatasi, akaifunua kalamu, halafu akanitazama mimi. Faili lilikuwa langu, mimi ndiye mlalamikaji, na shahidi ni wangu.

Nilimtazama mwenzangu. Nilimwonea huruma, hilo lazima niliseme, huruma kabisa, maana niliyajua machozi yake toka tulipoanza kusimama kwenye mashine moja. Lakini nilikuwa nimeomba neno hilohilo mimi, nyumba kwa nyumba, mkono unavuja usaha. Neno lilipokuwa na uwezo wa kunilisha hakulitoa. Sasa lingemponya yeye tu.

"Usiandike," nikamwambia Afisa Kazi.

"Mama, una hakika?"

"Ushahidi siuhitaji tena. Funga faili."

Alinililia pale ofisini, akaniita mlongo, mara ya kwanza tangu siku ya kiapo, na watu waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye benchi wakageuza nyuso. Afisa Kazi aliirudisha karatasi kwenye mtoto wa meza ikiwa nyeupe. Mimi nikasimama, nikajifunga kitenge kwa mkono wa kushoto na meno, kama nilivyokuwa nimejifunza, nikatoka nikamwacha amekaa.