Posa Yangu na Dirisha Jeusi

Washenga wangu walipeleka posa Moshi, mimi niko Blaine, Marekani. Wakwe wakaketi kwenye intaneti kafe ili wanione kwa kamera. Juu nilivaa koti na tai. Chini, kwa baridi ya Minnesota, suruali nyekundu ya kulalia. Nani angeiona?

Programu ya kuchati ikagoma. Dirisha jeusi, kimya. Na mimi ndiye niliyesifiwa kuwa fundi wa kompyuta wa Marekani. Nikabonyeza, nikaikemea kwa jina la Yesu, nikakaribia kulia. Mwisho nikasimama, nikageuka, nikainama kukagua nyaya ukutani. Kumbe wa spika ulikuwa umechomoka. Nikauchomeka.

Sauti ya baba mkwe ikajaa chumba: “Kijana, kamera ya huku ndiyo mbovu; sisi tunakuona tangu mwanzo. Geuka basi, utuamkie kwa uso.”