Mlezi wa Asubuhi Moja

Kwenye baraza ya kliniki iliyonuka dawa ya kupigia deki tulikuwa mimi, mdogo wangu Saida, kitindamimba wetu Hamisi, jirani yetu Mama Tatu, nesi aliyeshika daftari, na wanawake wawili wa mtaani kwetu Sofu waliokaa benchi la pili, wamepakata watoto. Mama yetu alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma; baba alitangulia zamani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeshaacha shule ili niuze mchicha, na Hamisi, mwenye miaka sita, alikuwa akikohoa tangu masika yaanze. Nesi alitaka tupimwe sote watatu virusi vya UKIMWI, ila kwa umri wetu ilibidi mtu mzima aweke sahihi. Baba mdogo alisema ana kazi. Mama Tatu, ambaye chumba chake na chetu vilitenganishwa na ukuta mmoja, alifunika kikaango chake cha vitumbua akatufuata.

"Una undugu gani nao?" nesi alimuuliza.

"Ukuta wetu mmoja, mwanangu. Andika mlezi."

Mimi na Saida tulikuwa salama. Hamisi alikuwa navyo, tangu kuzaliwa. Njiani kurudi Mama Tatu alimbeba mgongoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii ni habari ya Hamisi. Akikua ataamua mwenyewe nani aijue." Mpaka alasiri, wale wanawake wawili walikuwa wameshasambaza walichokiona: Mama Tatu kaingia chumba cha kupimia, katoka anafuta macho. Ikatosha. Wateja wake wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wengine bila hata salamu. Angeweza kusema tu kwamba aliwasindikiza watoto. Hakusema, maana swali la pili lingekuwa, mtoto yupi?

Msimu huo huo akaja mwelimishaji wa afya, akakusanya vijana tulioacha shule chini ya turubai nyuma ya ofisi ya kata. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua kama Hamisi ataishi. Dada yule alieleza bila aibu njia za maambukizi, matumizi ya kondomu, na kwamba mtu anayemeza dawa zake kila siku huishi na kuzeeka. Nilikuwa bado naifurahia kauli hiyo kimoyomoyo, kijana mmoja wa bodaboda aliponyanyua mkono.

"Dada, na vitumbua vya Mama Tatu je? Au tuje na kadi ya kliniki?"

Turubai lote likacheka. Mwelimishaji akasubiri kicheko kiishe, akauliza kama chakula kinaambukiza, nasi tukajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza: "Hakiambukizi!" Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Hayo tu ndiyo niliyosema. Kesho yake vitumbua vilipoa kwenye beseni mpaka saa nne. Kabla mvua hazijakatika, Mama Tatu alifunga mizigo akarudi kwao Vihingo, kule Kisarawe. Mpangaji mpya hakuja haraka. Jioni wadogo zangu wakilala, niliegemea ule ukuta, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuniuliza kama tumekula.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwenye miaka kumi na mitano anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe, na mimi ndiye ninayesimama mbele ya vijana wa mitaa yetu kuwaelimisha. Hamisi ana miaka ishirini, anajifunza ufundi umeme, anameza dawa zake na hajamwambia mtu. Mwaka jana kazi ilinifikisha Vihingo. Mama Tatu alikuwa akipalilia mihogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hamisi wangu hajambo?"

Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza, akaangalia majirani zake shambani. Huko hakuna anayemsema. Nikaelewa kwamba kuizungumza habari ile Vihingo ni kumletea upya maneno ya watu. Inapaswa kusemwa Sofu, mbele ya wale waliocheka, ambao sasa ni watu wazima na huniita mwalimu. Lakini kumsafisha yeye ni kumtaja Hamisi, na siri hiyo si yangu. Kwa hiyo kila ninapowafundisha watoto wao nafika penye swali la chakula, nalijibu vizuri, na jina la Mama Tatu linabaki mtaani vile vile lilivyoachwa.