Salongo Kabla ya Pasaka

Siku hizi tunasali katika ukumbi wa kukodi karibu na Stratford, huku Uingereza, wenye taa kali na viti vya plastiki. Ni mahali pazuri, hapavuji. Lakini bado nalikumbuka kanisa la mawe ambalo Waingereza walituazima kila Jumapili mchana, baada ya ibada yao. Nakumbuka hata baridi yake, na harufu ya mishumaa iliyochanganyika na ya makoti yetu yaliyolowa mvua.

Sisi tulitoka Kongo, wengi wetu Uvira na Bukavu. Kwetu, sikukuu ikikaribia, watu hufanya salongo: kila mmoja anakuja na ufagio au ndoo, wanasafisha pamoja mpaka mahali pang'ae. Basi Jumamosi moja kabla ya Pasaka tuliamua kuwashukuru wenyeji wetu kwa njia hiyo. Hatukuwaambia. Tulitaka walikute kanisa lao likiwa kama jipya.

Tuliosha sakafu, tukaosha mabenchi. Mimi napenda kufanya kazi mbali na watu, kwa hiyo nilichagua ukuta wa nyuma, uliokuwa na alama za mikono ya watoto. Nilitia sabuni ya unga katika maji ya moto, nikasugua kwa brashi ngumu. Akina mama walikuwa wakiimba. Weupe wa ukuta ukaanza kutiririka kama uji. Nilidhani ni uchafu, nikazidi kusugua, hadi jicho likanitazama.

Lilikuwa jicho la mtu aliyechorwa, na nusu ya shavu, na wekundu wa vazi. Wimbo ukakatika. Mzee wa kanisa letu aliweka ndoo chini, akasema polepole, "Batatufukuza." Hakuna aliyembishia. Tulikuwa tumeshatolewa katika kumbi mbili kwa sababu ya ngoma zetu, na hatukuwa na pengine pa kwenda.

Mama yangu alisogea akalitazama lile jicho. Yeye alizaliwa Mkatoliki. Alipoingia katika kanisa letu la uamsho aliambiwa picha ya Bikira Maria haifai tena ukutani, akaiweka sandukuni, chini ya vitenge.

Bibi Mwingereza aliyetunza funguo akaingia. Kwa kuwa brashi ilikuwa mkononi mwangu, na Kiingereza changu kilikuwa afadhali kuliko cha wazee, walinisukuma mbele, mimi nisiyeweza hata kutoa ushuhuda wa dakika moja. Nilisema tu kwamba nilikuwa naosha.

Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, kisha akaanza kueleza, nami nikatafsiri kidogo kidogo. Zamani, alisema, kuta hizi zote zilijaa watakatifu, maana watu wengi hawakujua kusoma, na misa ilikuwa kwa Kilatini. Ndipo ikaja enzi ya mwamko huku Ulaya. Vitabu vikaanza kuchapwa, wasomi wakayasoma Maandiko upya katika lugha zake za kwanza, na watu wakauliza kwa nini padri peke yake ajue kilichoandikwa. Mfalme wa hapa naye akagombana na Papa, akajifanya mkuu wa Kanisa. Biblia ya Kiingereza ikawekwa humu isomwe na watu. Baadaye picha zikahesabiwa kuwa sanamu, zikapakwa chokaa.

Wazee wetu waliitikia kwa vichwa. Biblia kwa lugha ya watu, hilo walilielewa vizuri.

Mama akanigusa bega. "Umuulize, bale benye balipenda hizi picha, balienda kulilia wapi?"

Nilitafsiri nikiangalia viatu vyangu.

"Humu humu," alisema bibi. "Hawakuwa na kanisa lingine."

Kisha akatoka nje kumpigia simu padri wao. Tulingoja kwenye mabenchi yaliyolowa. Kijana mmoja wa kwaya alininong'oneza kwamba nimemfufua mtakatifu siku moja kabla ya Bwana mwenyewe, na mimi, kwa hofu, sikuweza hata kutabasamu.

Aliporudi alisema wataalamu wataitwa, ukuta usiguswe, na maji yasiingie humu tena. Akamtazama Mama.

"Kesho njooni kama kawaida."

Pasaka ile Mama hakukaa mbele na wenzake. Alikaa nyuma, karibu na ule ukuta. Wakati wa maombi, wote wakiwa wamefumba macho, nilichungulia nikamwona yeye ameyafumbua.